Usimwite Shujaa, Mlipe

Tuongee ukweli leo. Neno "shujaa" ni tamu, lakini mwaka 2020 lilitumika vibaya sana hapa Kenya. Lilitumika kama risiti. Mtu anafanya kazi, badala ya kulipwa anaitwa shujaa, halafu inaonekana deni limeisha. Tulipiga makofi, tukajaza picha za madaktari kwa WhatsApp, wanasiasa wakatoa hotuba, na kila tangazo likawa na mhudumu wa afya amevaa barakoa. Nyuma ya hiyo barakoa mara nyingi alikuwa kijana wa miaka 25 au 26 ambaye hajalipa kodi ya keja.

Leo naongea kuhusu huyo kijana. Siongei kuhusu waziri wala profesa wa kwa TV. Naongea kuhusu daktari mwanagenzi, yule ambaye bado anafunzwa kazi, na kile tulichomfanyia wakati wa Korona.

Najua kuna msee ataandika hapo chini: "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unatufunza nini kuhusu madaktari?" Sawa, niliacha, na riziki yangu natoa kwa video. Lakini huhitaji digrii kuhesabu masaa. Saa 36 ni saa 36 hata kwa mtu ambaye hakumaliza chuo.

MWANAGENZI NI NANI?

Hapa kwetu mtu husomea udaktari miaka sita. Sita, wasee. Wale alioanza nao kwa kozi zingine wameshahitimu, wengine wameoa, wengine wako na watoto wawili. Yeye akimaliza bado hawezi kufungua kliniki wala kuajiriwa kama daktari kamili. Lazima afanye mwaka mmoja wa unagenzi kwa hospitali iliyoidhinishwa, akiwa na leseni ya muda kutoka kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Anazungushwa kwa idara kubwa kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, kina mama wajawazito. Katika kila idara, daktari mkubwa lazima aweke sahihi kwamba huyu sasa ameiva. Bila hizo sahihi hakuna leseni, na bila leseni miaka yote saba ni makaratasi tu.

Shikilia hiyo maneno ya sahihi, tutairudia.

Sasa nani hufanya kazi usiku? Ukifika hospitali ya umma saa tisa usiku na mathe wako hapumui vizuri, mtu wa kwanza anayeitwa daktari utakayemwona, mara nyingi, ni mwanagenzi. Ndiye atakayekuuliza maswali, atoe damu, atafute mshipa wa kuweka maji, akimbie maabara, kisha ampigie mkubwa wake simu. Kwa karatasi yeye ni mtu anayefunzwa chini ya usimamizi. Kwa wodi yeye ndiye injini.

Na hapo ndipo serikali hucheza. Kazi ikitakiwa kufanywa, anaitwa daktari. Siku ya mshahara ikifika, anageuka kuwa mwanafunzi anayepewa posho.

HALAFU KORONA IKAINGIA

Tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kisa cha kwanza nchini. Siku chache baadaye shule zikafungwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni kila mtu kwake. Mimi nilikuwa kendideti wa KCSE, nikaenda nyumbani kama nyinyi wote, tukaambiwa tukae ndani tuoshe mikono.

Wanagenzi wakaambiwa waingie wodini.

Fikiria hiyo kitu. Juzi ulikuwa unakalia mtihani wa mwisho. Leo uko mbele ya ugonjwa ambao hata mtu aliyekufundisha hajawahi kuuona, na mwongozo wa matibabu unabadilika kila wiki. Unatakiwa ujifunze udaktari na ujifunze Covid kwa wakati mmoja, huku ukiogopa kuibeba hadi nyumbani.

Mwaka huo madaktari na manesi walilia kuhusu vifaa vya kujikinga. Wakati huohuo ikatokea ile sakata ya KEMSA, shilingi bilioni 7.8 za vifaa vya Covid, na maswali kuhusu bei na kampuni zilizopewa tenda. Agosti vijana walienda barabarani Nairobi kuuliza pesa ziko wapi, wakajibiwa na vitoa machozi. Hao walioandamana walikuwa wanauliza swali moja na lile mwanagenzi alikuwa anajiuliza kwa wodi: kama pesa imetoka, mbona mimi sina barakoa?

Tarehe 10 Julai 2020, Daktari Doreen Adisa Lugaliki, bingwa wa afya ya wanawake, aliaga dunia akiwa na miaka 39. Alikuwa daktari wa kwanza hapa Kenya kuuawa na Covid. Nchi ikalia siku mbili tatu.

Desemba 7, mwaka uleule, akaenda Daktari Stephen Mogusu. Miaka 28. Hakuwa mwanagenzi tena, alikuwa hatua moja tu mbele: daktari wa mkataba aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa Covid huko Machakos. Alikufa kabla ya kulipwa mshahara wa karibu miezi mitano. KMPDU, chama cha madaktari, kilisema hakuwa na bima ya afya kutoka kwa mwajiri wake. Soma tena polepole. Mtu aliyetumwa na serikali kutibu ugonjwa, akaupata kazini, akalazwa bila bima, huku serikali iliyomtuma ikiwa na deni lake.

Huyo tulimwita shujaa. Kwa jina hilo hata dripu hainunuliwi.

Chanjo za kwanza zilianza kudungwa tarehe 5 Machi 2021. Kwa hivyo tangu kisa cha kwanza, karibu mwaka mzima, hawa watu waliingia wodini bila kinga yoyote mwilini. Walitegemea kitambaa usoni, glavu na maombi ya wazazi wao.

KILE KAZO WANGU ALINIAMBIA

Niko na kazo ambaye alifanya unagenzi wakati huo kwa hospitali moja ya kaunti. Sitaitaja, kwa sababu bado yuko kwa hiyo fani. Juzi nilimuuliza ni kitu gani hasa kilimchosha. Nilidhani ataniambia kuhusu wagonjwa waliokufa. Akaniambia ni ndoo.

Ndoo? Akaeleza. Kila akitoka zamu, alikuwa anavua nguo kwa mlango wa nyuma wa ploti, anazitumbukiza kwa ndoo ya maji na sabuni, kisha anaoga hapo nje gizani, ndio asiingie na ugonjwa. Majirani wakaona. Wakaanza kuulizana. Landilodi akamwambia kwa heshima kabisa, "Daktari, watu wanaogopa, labda utafute mahali pengine." Atafute wapi, na mshahara haujaingia mwezi wa tatu? Kodi alikuwa analipiwa na mamake, ambaye anauza nguo za mtumba na soko lilikuwa limefungwa.

Shosho wetu ana kisukari, kwa hivyo nyumbani hakukanyaga miezi minane. Barakoa moja ya N95 aliivaa wiki nzima, akiiweka kwa bahasha ya karatasi kati ya zamu. Chakula kilikuwa chai na mandazi ya kibanda cha nje ya geti, kwa mkopo, mama wa kibanda anaandika kwa daftari. Yaani daktari wako alikuwa anakopeshwa na mama mandazi.

Nikamuuliza mbona hukusema. Akacheka. "Nimwambie nani? Yule ambaye ningemwambia siwezi kulala, ndiye angeweka sahihi kwamba naweza kazi."

Hapo ndipo ile maneno ya sahihi inarudi. Wanaposema madaktari wachanga "hawajitokezi kutafuta usaidizi", wanaongea kana kwamba shida ni aibu. Shida ni kwamba mlango wa kuomba usaidizi na mlango wa kupata leseni ni mlango mmoja, na aliyesimama hapo ni mtu mmoja. Ukisema una msongo wa mawazo leo, kesho unaweza kuandikwa mdhaifu. Hata kama huyo mkubwa ni mtu mzuri, wewe huwezi kujua mpaka umeshasema. Kwa hivyo unanyamaza, unakunywa kahawa, unaendelea.

ALKOBLO YA USINGIZI

Nyinyi mnajua alkoblo. Wikendi ukitoka kilabu, polisi wako barabarani, unapuliza, ukizidi unaenda kulala seli. Hakuna mtu hubishana kwamba mlevi asiendeshe gari.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha kwa jarida la Nature kitu ambacho kila gavana anafaa abandikiwe ofisini. Walipima watu waliokaa macho na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 24 mfululizo alifanya vibaya kama mtu aliye na pombe ya asilimia 0.10 kwa damu. Hicho ni kiwango ambacho katika nchi nyingi unanyang'anywa usukani.

Sasa mwanagenzi wa Kenya anaweza kuingia zamu asubuhi, apitishe usiku, aendelee mpaka jioni ya pili. Wakati wa Korona, mwenzake akiwekwa karantini, zamu yake ilimwangukia yule aliyebaki. Huyo ndiye tunampa sindano ampigie mtoto hesabu ya dawa. Tunamkataza mlevi kushika usukani wa Probox, lakini aliyechoka kuliko mlevi tunamwachia wodi nzima.

Wenzetu walishagundua hii kitu. Mwaka 1984, msichana wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alikufa hospitalini New York, akiwa chini ya uangalizi wa madaktari wanaofunzwa waliokuwa na kazi kupita kiasi. Babake alipiga kelele miaka, na mwaka 1989 jimbo hilo likaweka sheria: madaktari wanaofunzwa wasizidishe saa 80 kwa wiki. Ulaya wakaenda chini zaidi, saa 48. Na bado 80 ni nyingi, lakini angalau kuna namba. Mtu akizidishiwa anajua amezidishiwa.

Hata Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka uleule wa 2020 liliamua kwamba Siku ya Usalama wa Wagonjwa, tarehe 17 Septemba, izungumzie usalama wa wahudumu wa afya. Kwa nini? Kwa sababu huwezi kutenganisha hivyo vitu viwili. Daktari akianguka, anakuangukia wewe uliyelala kitandani.

"LAKINI UDAKTARI NI WITO"

Hii naisikia kila siku. Ni wito, walijua wanaingia wapi. Sawa, ni wito. Ualimu pia ni wito, uchungaji pia. Lakini ukienda supamaketi huwezi kulipa unga na wito. Landilodi wa kazo wangu hakusema, "kwa sababu umeitwa na Mungu, mwezi huu acha tu." Kila mtu mwingine kwa hii uchumi anataka pesa taslimu, ni daktari mchanga tu anaambiwa ajilipe kwa moyo safi.

Kisha kuna hoja ya pili, na hii naiheshimu kwa sababu inatoka kwetu vijana: "Mimi niko na digrii na sina kazi, huyu analia kuhusu laki mbili?" Twende nayo. Mkataba ambao serikali ilikubali mwaka 2017, baada ya ule mgomo wa siku 100, ulimpa daktari mwanagenzi shilingi 206,400 kwa mwezi kabla ya makato. Ni pesa nyingi kwangu na kwako. Lakini mkataba ni mkataba. Serikali iliweka sahihi, haikulazimishwa usingizini. Mwaka 2024 ikageuka ikasema inaweza kulipa 70,000 tu, madaktari wakagoma kuanzia Machi hadi Mei. Kabla ya hapo, mwisho wa Februari, katibu mkuu wa KMPDU, Davji Atellah, alijeruhiwa kichwani kwa kopo la kitoa machozi kwa maandamano Nairobi. Walikuwa wanadai nini? Wanagenzi wapelekwe hospitalini wakafanye kazi. Hiyo tu. Mwishoni mwa Desemba 2024 ndipo serikali ikakubali tena kile ilichokuwa imekubali 2017.

Wewe usiye na kazi, ukiona mtu mwenye mkataba uliotiwa sahihi anaweza kunyimwa pesa miezi mitano na afe akidai, hiyo haifai kukufurahisha. Inafaa ikuogopeshe. Kama wanaweza kumfanyia hivyo daktari, ambaye wanamhitaji usiku wakiugua, watakufanyia nini wewe wa kandarasi ya miezi mitatu? Shida yako haiishi kwa sababu na yeye amefanywa maskini. Sasa mko wawili.

NANI HASA NI BOSI?

Kuna kitu kimoja cha kiufundi ambacho watu hawaambiwi, na ndicho chanzo cha hii fujo. Tangu 2013, hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Lakini mwanagenzi anatumwa na Wizara ya Afya, na pesa yake inatoka serikali kuu. Kwa hivyo anafanya kazi kwa nyumba ya gavana, kwa mshahara wa waziri. Akikosa glavu, ni kaunti. Akikosa mshahara, ni wizara. Akiugua, kila mmoja anaangalia mwenzake. Ni kama mtoto wa wazazi waliotengana: karo ikifika, kila mzazi anasema ni zamu ya yule mwingine.

Wakati wa kawaida hiyo ni usumbufu. Wakati wa janga hiyo inaua.

Na usidhani imeisha. Julai 2024 kisa cha kwanza cha mpoksi kilithibitishwa Kenya, Taita Taveta, njia ya mpakani. Septemba mwaka huohuo, hakuna Korona tena, hakuna kafyu, daktari mwanagenzi mmoja katika kaunti ya Kiambu alifariki kwa kujitoa uhai. Sitaandika jina lake, familia yake imeumia vya kutosha. Kifo cha namna hiyo hakina sababu moja na sitajifanya naijua. Lakini wenzake walisimama mbele ya kamera wakaongea kuhusu zamu za saa 36 na miezi bila mshahara, yaleyale ya 2020. Kama unasoma hapa na wewe ni mwanagenzi, nesi, au mtu yeyote ambaye usiku umekuwa mrefu, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, na hao hawaweki sahihi kwa kitabu chako.

NINATAKA NINI?

Si makofi. Nataka vitu vitano, na vyote vinaweza kuandikwa kwa karatasi moja.

Moja, mshahara wa mwanagenzi uingie tarehe inayojulikana, kila mwezi, kama wa mbunge. Mbunge hajawahi kuambiwa afanye kwa moyo.

Mbili, bima ya afya kamili kuanzia siku ya kwanza ya kuripoti. Asiingie wodi ya wagonjwa kabla kadi haijafanya kazi.

Tatu, kikomo cha saa za zamu kilichoandikwa, na chumba chenye kitanda na mlango unaofungika. Akimaliza zamu ya usiku, apumzike kabla ya nyingine.

Nne, mshauri nasaha ambaye hana uhusiano wowote na sahihi za leseni. Mtu wa nje kabisa, simu ambayo hospitali haiwezi kujua nani amepiga. Hii ni rahisi kuliko zote na ndiyo ingewasaidia wengi.

Tano, mpango wa janga lijalo uandikwe sasa, kabla halijafika: nani anapewa barakoa, nani analipia malazi ya yule asiyeweza kurudi kwa shosho, familia inapata nini daktari akifa kazini. Tukingoja siku ya tangazo la waziri, tutarudi kwa hotuba na makofi.

NA WEWE JE?

Huu ndio upande ambao hunipotezea wafuasi, lakini wacha niseme. Sisi vijana wa mjini tuko haraka sana kurekodi. Daktari akichelewa kukuhudumia, simu iko juu, video iko kwa TikTok kabla hajafika kitandani. Mara nyingine ni haki yako, kuna uzembe na unafaa uanikwe. Lakini kabla ya kubonyeza, muulize swali moja: "Daktari, uko hapa tangu saa ngapi?" Akikuambia tangu jana asubuhi, umepata video ya maana zaidi. Usiirekodi sura yake, rekodi masaa. Yatume kwa gavana wako na kwa wizara, waulize wote wawili kwa ujumbe mmoja ni nani kati yao amemwajiri. Mimi nimeshatuma wa kwangu.